KUTENGANISHA SI KUTOFAUTISHA
Maoni juu ya rasimu ya istilahi za spektrometri ya masi

Rasimu ya istilahi za kemia ya uchunguzi imefika mezani petu kwa maoni. Ina kurasa chache, lakini mzigo wake ni mkubwa, kwa kuwa imetungwa kwa ajili ya wafasiri wa taarifa za maabara, na taarifa za maabara siku hizi haziishii maabarani. Watungaji wake hatutawataja, kwani tunachohakiki ni istilahi, si watu. Aidha, ni haki kukiri tangu mwanzo kwamba wametangulia mahali ambapo wakuza istilahi wengi tumeogopa kukanyaga. Namna spektrometa ya masi inavyotumiwa kutambua ioni za oganiki zenye fomula moja na miundo mbalimbali si jambo linalozungumzwa kila siku kwa Kiswahili. Hata hivyo, ujasiri peke yake haufanyi istilahi kuwa nzuri, na katika rasimu hii yamo maneno manne ambayo yakipita kama yalivyo yatasema kinyume cha yale ambayo chombo kimeona.

Kwa nini jambo hili lisingoje? Mwaka 2021 Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Zamani taarifa ya mtaalamu ilisomwa kwa Kiingereza, na mshtakiwa akapewa kwa Kiswahili kiasi cha maneno ambacho mkalimani aliweza kukiokoa. Sasa inatazamiwa kwamba hakimu, wakili, mshtakiwa na ndugu zake walioketi mabenchi ya nyuma watasikia maneno yale yale, kwa lugha moja. Istilahi mbaya katika kitabu cha shule huweza kusahihishwa na mwalimu kesho yake. Istilahi mbaya kizimbani huenda ikaondoka na mtu.

Kwa hiyo tumeamua kuipima rasimu hii mahali pamoja panapojulikana, yaani Same. Mji huo uko kwenye tambarare kavu, chini ya Milima ya Pare ya Kusini, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Juu yake hali ni nyingine kabisa: kuna ukungu, misitu, mifereji ya maji, na kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya meta 2,400. Kutoka huko juu hushuka mazao mawili yanayotuhusu. La kwanza ni tangawizi, ambayo sehemu za Mamba Miamba zimepata sifa kwayo. La pili ni mirungi. Zao hilo ni halali kwa jirani zetu wa Kenya, lakini kwetu limo katika orodha ya dawa za kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Na katika miaka ya 2020 mashamba yake katika Wilaya ya Same yameteketezwa katika operesheni za mamlaka inayohusika. Tangawizi huuzwa sokoni. Mirungi huishia mahakamani. Yote mawili, kwa bahati, yanatufundisha jambo moja la kemia.

1. "Spektrometri ya uzito"

Kwanza tueleze kazi ya chombo. Sampuli hugeuzwa kuwa gesi na kuingizwa katika ombwe. Hapo, kwa njia iliyozoeleka zaidi, hupigwa na elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70. Molekuli iliyopigwa hupoteza elektroni moja na kuwa ioni. Nyingi kati ya ioni hizo huwa na nishati kupita kiasi, na hivyo huvunjika vipande. Uga wa umeme au wa sumaku huzipanga ioni na vipande vyake kwa kufuata uwiano wa masi na chaji. Matokeo huandikwa kama safu ya mistari, mfupi na mrefu, nayo ndiyo spektra ya masi. Msingi wa kazi hii uliwekwa Cambridge na J. J. Thomson, kisha F. W. Aston akaiendeleza tangu mwaka 1919, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Rasimu inaita kazi hii "spektrometri ya uzito". Katika mazungumzo ya sokoni hatuna ugomvi na neno hilo: gunia la tangawizi lina uzito, na mizani huuonyesha. Lakini mwalimu wa fizikia hutumia siku nyingi kumfundisha mwanafunzi kwamba uzito ni kani ya mvutano, na kwamba masi ni kitu kingine. Ndani ya chombo hiki hakuna kinachowekwa juu ya mizani. Ioni hupindishwa au huchujwa, na kutokana na mwenendo wake masi yake hujulikana. Ikiwa tutaandika "uzito", tutambomolea mwalimu wa Kidato cha Kwanza alichojenga, na tutamfanya wakili aulize mizani ile ilikaguliwa lini na wakala wa vipimo. Neno masi limekwisha kuzoeleka shuleni. Libaki hilo.

2. "Umbofanani"

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kuna vitu ambavyo molekuli zake zina atomi zile zile, kwa idadi ile ile, ila zimepangwa kwa namna tofauti. Mwanakemia wa Uswidi, Berzelius, alivipa jina mwaka 1830 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "sawa" na "sehemu". Rasimu imeviita "umbofanani", na kuweka "isoma" kama neno mbadala.

Msomaji na alitazame neno la kwanza. Linasema kwamba vitu hivi vinafanana umbo. Ukweli ni kinyume chake: vinafanana viungo, vinatofautiana umbo. Mtungaji amelitafsiri neno bila kulitazama jambo lenyewe, na neno lake limekana kile lilichotumwa kukitaja.

Jambo lenyewe si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Tuchukue herufi nne: a, i, l na m. Kwa herufi hizo tunapata lima, lami, mali na mila. Lau herufi hizo zingechongwa kwa mbao, maneno yote manne yangekuwa na masi moja, na mizani isingejua kama imepewa mali au lami. Maneno hayo hayafanani umbo wala maana, ila yamejengwa kwa vitu vile vile. Hivyo ndivyo ilivyo katika mafuta ya tangawizi: zinjibereni, bisaboleni na seskwifelandreni zote zina atomi 15 za kaboni na 24 za hidrojeni, na masi ya kila moja ni 204. Mbele ya namba 204 peke yake, mchunguzi amesimama kama mtu aliyepewa herufi nne na kuambiwa ataje neno.

Neno mbadala, "isoma", lina kasoro ya namna nyingine. Likisimama peke yake halina neno. Likifuata nomino, kama katika "ioni isoma", sikio la Mswahili husikia kitenzi kusoma, na kusubiri kuambiwa ioni hiyo inasoma nini. Tunapendekeza isomeri. Neno hili linaingia bila taabu katika ngeli ya vitu visivyobadilika kwa wingi, linatuachia nafasi ya kusema ioni za kiisomeri, wala halidanganyi mtu. Mgeni aliye mkweli ni bora kuliko mwenyeji anayepotosha.

3. "Awamu ya gesi"

Kosa la tatu ni dogo kwa macho, lakini ni mfano mzuri wa namna Kiingereza kinavyoweza kuandika Kiswahili chetu kwa mkono wetu wenyewe. Katika lugha hiyo neno moja hutaja kipindi cha jambo linaloendelea, na pia hali ya maada: yabisi, kioevu au gesi. Kiswahili hakina uhitaji wa kuchanganya mambo hayo. Awamu ni zamu au kipindi: tunasema Serikali ya Awamu ya Kwanza, na ujenzi wa barabara kwa awamu mbili. Mtaalamu akisema kizimbani kwamba ioni zilichunguzwa "katika awamu ya gesi", hakimu mwangalifu atauliza awamu iliyofuata ilikuwa ipi na matokeo yake yako wapi.

Kinachotakiwa ni hali ya gesi. Maneno hayo yana kazi, si pambo tu. Katika maji, ioni huzungukwa na molekuli nyingine zinazoikumbatia na kuibadilisha tabia. Katika hali ya gesi, ndani ya ombwe, ioni iko peke yake, na kinachoonekana ni tabia yake yenyewe. Ndiyo maana wanakemia huipenda hali hiyo kwa utambuzi.

4. Kutenganisha na kutofautisha

Tunafika kwenye jambo lililotupa kichwa cha makala haya. Rasimu ina kitenzi kimoja tu, kutenganisha, na imekitumia kwa kila tendo: chombo "hutenganisha" ioni kwa masi, safu ya kromatografia "hutenganisha" vitu, na mchunguzi "hutenganisha" isomeri. Lakini Kiswahili kimetupa vitenzi viwili. Mchungaji huwatenganisha mbuzi na kondoo kwa kuwaweka mazizi mbalimbali. Mama wa mapacha huwatofautisha wanawe hali wamelala mkeka mmoja. Kutenganisha ni kuweka mbali; kutofautisha ni kujua huyu si yule.

Tofauti hii ndiyo roho ya somo lote. Spektrometa hutenganisha ioni zenye masi mbalimbali. Ioni za kiisomeri zina masi moja, kwa hiyo kwa njia hiyo haiwezi kuzitenganisha. Ili kuzitofautisha ni lazima kuzifanyia jambo jingine. Njia zinazojulikana ni tatu. Ya kwanza ni mgongano: ioni hurushwa ipigane na gesi tulivu kama heli au agoni, kisha vipande vyake hutazamwa. Ya pili ni mmenyuko: ioni hukutanishwa na molekuli teule, ikaangaliwa kama itamenyuka nayo. Ya tatu ni mwendo: ioni husukumwa kupita katika gesi, na ile yenye umbo lililokunjamana hutangulia ile iliyotanuka.

Mfano unaotajwa sana ni ioni yenye atomi saba za kaboni na saba za hidrojeni, masi yake 91, itokayo katika toluini, kiowevu kinachotumika kuyeyushia rangi. Ioni hiyo ina sura mbili. Moja, benzili, ni pete ya kaboni sita yenye mkia wa kaboni moja. Ya pili, tropiliumu, ni pete ya kaboni saba. Katika spektra ya kawaida zote ni mstari mmoja. Lakini zikikutanishwa na toluini katika hali ya gesi, benzili humenyuka nayo, na tropiliumu haimenyuki. Hazikutenganishwa, zimetofautishwa kwa tabia.

Sasa turudi Same. Jani bichi la mirungi lina kathinoni, yenye masi 149. Maabara ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyoitambua, mwaka 1975. Jani likinyauka, kathinoni hupungua na kugeuka kuwa vitu viwili vyenye masi 151: kathini na norefedrini. Ndiyo sababu wauzaji hukimbiza mafungu yao yakiwa yamefungwa kwa majani ya mgomba. Kathini na norefedrini ni isomeri za karibu mno: atomi zile zile, zimeunganishwa kwa mpangilio ule ule, ila kundi moja la hidroksili limeelekea upande mwingine. Lakini mbele ya sheria za kimataifa hazikai benchi moja. Kathini imo katika Jedwali la Tatu la Mkataba wa mwaka 1971 juu ya dawa zinazoathiri akili. Norefedrini, ambayo iliwahi kutumika katika dawa za mafua, imo katika Mkataba wa mwaka 1988 miongoni mwa zile tunazoziita kemikali bashirifu, yaani malighafi ziwezazo kutengenezewa dawa za kulevya.

Zikipigwa na elektroni, kathini na norefedrini huvunjika karibu sawasawa. Mstari mrefu kuliko yote kwa kila moja ni ule wa masi 44, ioni yenye kaboni mbili, hidrojeni sita na naitrojeni moja. Kathinoni nayo hutoa ioni hiyo hiyo kama mstari wake mkuu. Amfetamini pia. Zaidi ya hayo, ioni ya masi 44 ina isomeri yake, itokayo katika vitu vya ukoo mwingine ambavyo naitrojeni yake imebeba kundi la methili. Na hiyo nayo huangukia mstari ule ule mpaka ipitishwe katika mgongano.

Turejee herufi zetu nne. Tulikate kila neno katikati. Lima hutoa li na ma. Lami hutoa la na mi. Kwa vipande hivyo tumelitofautisha neno moja na jingine. Lakini mali hutoa ma na li, vipande vile vile vya lima. Kisu chetu hakitoshi. Kathini na norefedrini ni lima na mali: kuvunja peke yake hakutoshi kuzitofautisha. Hapa hatuna budi kuzitenganisha kwanza, kwa kuzipitisha katika safu ya kromatografia ya gesi, ambapo kila moja hutoka kwa wakati wake, na kulinganisha wakati huo na wa sampuli halisi inayojulikana.

Msomaji sasa ataona madhara ya kitenzi kimoja. Tuseme taarifa imeandikwa: "Spektrometa ilitenganisha kathini na norefedrini." Sentensi hii ni Kiswahili safi, na ni uongo. Spektrometa haikuzitenganisha, kilichozitenganisha ni safu iliyotangulia. Ikiwa safu haikutumika ipasavyo, basi hakuna kilichotenganishwa wala kutofautishwa, lakini taarifa imeficha upungufu huo ndani ya kitenzi. Hakimu hawezi kuuliza swali ambalo lugha imemzibia. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa shahidi mtaalamu ni istilahi tunazompa sisi.

Baadhi ya wasomaji watatujibu kwamba tunakuza jambo, kwa kuwa katika mashauri ya mirungi sheria inautaja mmea wenyewe, na fungu la majani hujulikana kwa macho. Hoja hii ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini istilahi haitungwi kwa shauri moja. Kesho kitakacholetwa ni unga usio na jani wala shina, au chupa ya dawa ya zamani ya mafua. Na taarifa itaandikwa kwa maneno yale yale yaliyozoeleka katika mashauri mepesi.

5. Yanayostahili kusifiwa

Si haki kuihukumu kazi kwa makosa yake tu. Rasimu imefanya vema kulishika neno mgongano, lililokuwapo katika lugha na linaloeleweka mara moja. Imefanya vema pia kulikataa neno "vigae" kwa maana ya vipande vya molekuli. Neno hilo ni zuri, kwa kuwa mfinyanzi huweza kukijua chungu kwa kigae chake, lakini siku hizi msikilizaji angedhani tunazungumzia sakafu na mapaa. Kipande kinatosha. Vilevile imetunza silabi ya mwisho katika kathinoni, ingawa ingekuwa rahisi kuikata. Kiishio hicho ni alama ya ketoni, nacho ndicho kinachoitenga kathinoni na kathini katika sikio la msikilizaji. Kwa usalama zaidi, tunashauri kila taarifa iyaandike majina haya pamoja na fomula zake mara yanapotajwa kwa mara ya kwanza.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe kabla rasimu haijasanifishwa:

(a) spektrometri ya masi, badala ya "spektrometri ya uzito"; chombo kiitwe spektrometa ya masi;
(b) isomeri, badala ya "umbofanani" na "isoma"; maelezo yake yawe: vitu vyenye fomula moja ya molekuli na mpangilio tofauti wa atomi;
(c) hali ya gesi, badala ya "awamu ya gesi";
(d) kutenganisha litumike pale tu vitu vinapowekwa mbali kwa masi, kwa muda au kwa mahali. Kutofautisha litumike pale vinapotambuliwa kuwa si kimoja. Na mfasiri asiruhusiwe kubadilishana maneno hayo kwa ajili ya kupamba sentensi.

Yafaa tuongeze neno moja kwa wafasiri na walimu. Makosa matatu ya kwanza yametokana na kutazama neno la kigeni badala ya kutazama jambo. La nne limetokana na kusahau mali tuliyo nayo: Kiswahili kilikuwa na vitenzi viwili kabla chombo hiki hakijabuniwa, na rasimu ikachukua kimoja. Kabla ya kuunda neno jipya, na tumwombe mtaalamu atuonyeshe kazi inavyofanyika, hatua kwa hatua. Kisha tujiulize kama mkulima wa Mamba Miamba, akiwa ameketi benchi la nyuma mahakamani Same kumsikiliza shahidi katika shauri la jirani yake, angeelewa ni kipi kilichothibitishwa na ni kipi ambacho hakikuthibitishwa. Asipoelewa la kwanza, istilahi ni ngumu, nayo huweza kufundishwa. Asipoelewa la pili, istilahi ni ya hatari, nayo haifai kusanifishwa.

Maoni ya wasomaji, hasa ya walimu wa kemia na ya makarani wa mahakama, yatapokelewa kwa shukrani na kufikishwa mbele ya kamati.